Anthropolojia au sosholojia: usome ipi shahada ya kwanza?

Anayeniuliza swali hili huwa ameshaandaa orodha ya mada anazozipenda: ndoa, dini, uhamiaji, umaskini, vijana wa mjini. Anataka nimwambie mada hizo ziko upande gani. Ziko pande zote mbili. Fungua mtaala wa idara ya anthropolojia na ule wa sosholojia, utakuta familia huku na familia kule, afya huku na afya kule. Anayechagua kwa kufuata mada atazunguka palepale mpaka dirisha la maombi lifungwe.

Mimi nashauri uchague kwa kuangalia kazi yenyewe. Jiulize: Jumanne alasiri ya mwaka wa pili, mhadhara umekwisha na kichwa kimejaa, ni kazi ipi ya kuchosha ambayo uko tayari kuikalia? Masomo haya yote yanachosha, ila uchovu wake haufanani. Niseme mapema kwamba nilisoma anthropolojia, na kozi kadhaa za sosholojia nilizichukua kwa sababu ratiba ilinilazimisha. Ukiona naegemea upande mmoja, punguza unavyoona inafaa.

Ghala moja na watu milioni 15

Mwaka 1937 Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Waazande, aliokuwa ameishi nao Sudan, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Humo kuna ghala ambalo karibu kila mwanafunzi wa anthropolojia hulipitia. Ghala la nafaka la Kizande husimama juu ya nguzo, na jua likiwa kali watu hukaa chini yake kivulini, wakipiga soga au wakicheza bao. Mara mojamoja ghala huanguka na kuwaumiza waliokaa chini. Je, Waazande hawajui kwamba mchwa wamekula nguzo? Wanajua vizuri sana. Wanajua pia kwamba watu walikuwa pale kwa sababu ya jua. Swali lao ni lingine: kwa nini watu hawa hasa, chini ya ghala hili hasa, wakati uleule lilipoanguka? Mchwa hawajibu swali hilo, na hapo ndipo uchawi unapoingia. Evans-Pritchard hakukubali kwamba wachawi wapo. Alichoonyesha ni kwamba fikra hiyo ina mantiki yake, ukishajua inajibu swali gani.

Ndivyo anthropolojia inavyofanya kazi. Unachukua jambo linaloonekana la ajabu, unakaa karibu nalo mpaka liache kuwa la ajabu, na mara nyingi ukimaliza ni mambo yako mwenyewe yanayoanza kukushangaza. Mtu aliyepata ajali anaweza kukueleza vizuri breki zilivyokataa, kisha akanyamaza kidogo na kuuliza, "Lakini kwa nini mimi?"

Weka pembeni ya ghala hilo mfano wa Mmarekani C. Wright Mills, wa mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000, asema, mtu mmoja tu asipokuwa na kazi, hilo ni tatizo lake binafsi: angalia tabia yake, ujuzi wake, nafasi alizonazo. Lakini nchi yenye wafanyakazi milioni 50 ikiwa na milioni 15 wasio na kazi, huwezi kuendelea kumchunguza mmojammoja ukitafuta nani mvivu. Mfumo mzima wa nafasi za kazi umeporomoka, na jibu litatafutwa kwenye mfumo huo.

Ghala limeanguka na ajira imeanguka. Mwanaanthropolojia atakwenda kuwasikiliza waliokuwa chini. Mwanasosholojia atauliza wameumia wangapi, wa tabaka gani, na kwa nini wao zaidi ya wengine. Uliposoma mifano hii miwili, akili yako ilibaki kwenye upi? Usilipuuze jibu hilo hata kama ni la haraka.

Mpaka wenyewe haujanyooka kama nilivyouchora. W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia, alipiga hodi nyumba kwa nyumba Philadelphia kwa ajili ya kitabu chake cha 1899, na kuna wanaanthropolojia wanaoshinda na majedwali. Émile Durkheim anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa sosholojia, na mpwa wake, Marcel Mauss, aliandika kuhusu zawadi kazi ambayo wanaanthropolojia hawajaacha kubishana juu yake tangu miaka ya 1920. Mjomba kule, mpwa huku.

Jina moja, digrii tofauti

Hapa wengi hujikwaa, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Sosholojia haibadiliki sana ukitoka chuo kimoja kwenda kingine. Utasoma nadharia za waasisi wake, Marx, Durkheim na Weber, utasoma mbinu za utafiti, utasoma matabaka ya jamii, halafu utachagua: elimu, uhalifu, kazi, jinsia, miji. Kosa la kawaida ni kuichanganya na ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii ni taaluma ya kuhudumia watu na familia zilizo kwenye shida, ina mafunzo yake ya vitendo, na katika nchi nyingi ina usajili wake. Sosholojia peke yake haikupi kibali hicho. Kama picha uliyonayo kichwani ni kumsaidia mtoto aliyetelekezwa, basi huenda hakuna hata moja kati ya haya mawili linalokufaa, na afadhali ulijue kabla ya kulipa ada.

Anthropolojia ndiyo yenye sura nyingi. Marekani, kwa kufuata njia iliyochorwa na mwanaanthropolojia Franz Boas na wanafunzi wake pale Chuo Kikuu cha Columbia, idara nyingi hufundisha matawi manne chini ya paa moja: utamaduni, lugha, akiolojia na baiolojia ya binadamu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kushika nakala ya fuvu asubuhi na kujadili tambiko jioni. Atamjua Lucy, mifupa ya jamaa wa kale wa binadamu, ya miaka takriban milioni 3.2, iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Atazijua nyayo za kale za Laetoli, Tanzania, na atasoma habari za sokwe wa Gombe ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960. Uingereza, kwa upande mwingine, idara nyingi hufundisha anthropolojia ya jamii peke yake, na digrii kwa kawaida ni ya miaka 3, wakati ya Marekani ni 4. Ufaransa na Ujerumani utalikuta somo hili mara nyingi kwa jina la etnolojia. Na katika vyuo vingi vya Afrika anthropolojia inakaa idara moja na sosholojia, ikiwa na kozi chache zilizopenyezwa kati ya nyingine.

Kwa hiyo mtu akikwambia "anthropolojia ni mifupa" na mwingine akasema "anthropolojia ni mila", wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa chuo chake. Tulianza na kijana mmoja aliyekuja akiota kuchimba. Alikuta mwaka mzima wa ukoo, zawadi na matambiko, bila jembe wala fuvu. Alivumilia muhula mmoja akahama. Angesoma orodha ya kozi za lazima, kazi ya dakika kumi, asingepoteza miezi mitano.

Nikitaja ukoo, kuna faraja ndogo kwa msomaji wa Kiswahili. Kozi ya udugu huwatoa jasho wanafunzi waliokulia kwenye lugha ambazo baba mdogo na mjomba wanaitwa neno moja. Wewe umekua ukijua kwamba mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako na mtoto wa shangazi ni binamu. Mfumo wa namna hiyo una jina katika vitabu, unaitwa wa Kiiroquois, kutokana na watu wa Amerika Kaskazini ambao Lewis Henry Morgan aliwachunguza karne ya 19. Utachora pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kwa ndoa, na wakati wenzako wanahesabu vidole wewe utakuwa umeshamaliza.

Daftari na dodoso

Zoezi letu la kwanza la uchunguzi lilikuwa jepesi kwa kulisikia: kaa saa moja kwenye kituo cha basi, andika unachokiona. Nikarudi na kurasa tatu na kifua mbele. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, "Abiria wamechoka na wana haraka." Mhadhiri aliizungushia duara jekundu na kuandika pembeni neno moja: "Umejuaje?"

Nilirudi kituoni nikiwa nimeudhika. Safari hii niliandika kwamba mwanamke mwenye begi la bluu alitazama simu mara tisa kabla ya basi kufika. Kwamba watu watano walisimama ingawa benchi lilikuwa na nafasi. Kwamba mzee mmoja alikaa, akaangalia waliosimama, akainuka tena. Kwa nini wasikae? Nilipouliza, nilicheka: waliosimama walikuwa kwenye foleni. Haikuwa na kamba wala alama, lakini kila mmoja alijua nani yuko mbele yake, na anayekaa amepoteza zamu. Insha yangu nzima ilitoka kwenye benchi lile tupu. Uchovu na haraka vilikuwa vyangu. Cha kwao kilikuwa foleni.

Muhula uliofuata, upande wa sosholojia, nilipewa kituo kilekile kwa zoezi la dodoso. Nikaandika swali: "Je, unaridhika na huduma ya basi na nauli yake?" Mwalimu akauliza: anayeridhika na basi lakini anaikasirikia nauli atie alama wapi? Hayo ni maswali mawili yaliyovaa koti moja. Nikayatenganisha. Akauliza tena: umewapata wapi watu wako? Nikasema kituoni. Na waliokata tamaa wakaanza kutembea kwa miguu, utawakuta kituoni? Sampuli yangu yote ilikuwa ya watu ambao bado wanasubiri.

Mazoezi hayo mawili yanaonyesha tofauti kuliko maelezo yoyote ya brosha. Huku kosa langu lilikuwa kudhani naona kilichomo ndani ya watu. Kule kosa langu lilikuwa kudhani wachache niliowafikia wanasimama badala ya wote. Kila somo limejengwa kuzunguka hofu yake, na miaka mitatu au minne utakayokaa humo ni ya kufundishwa kuiogopa ipasavyo.

Katika ratiba ya wiki, sosholojia ina makala zenye majedwali, na katika programu nyingi kuna angalau kozi moja ya lazima ya takwimu: wastani, mtawanyo, uhusiano wa vigeu, kisha kompyuta na programu kama SPSS, Stata au R. Anthropolojia ya jamii ina vitabu vizima. Unaweza kupewa kurasa 300 kuhusu kijiji kimoja na kuambiwa uje na hoja Alhamisi. Wanaokimbilia anthropolojia kwa kuogopa hesabu hugundua kwamba wamehamia kwenye kuandika, na kuandika hakuna mashine ya kukusaidia kupata jibu. Na wakiangukia tawi la baiolojia, takwimu zinawasubiri hukohuko.

Tasnifu ya mwisho ndiyo inayotenganisha zaidi. Mwanafunzi wa sosholojia anaweza kutumia data iliyokwisha kukusanywa, ya sensa au ya utafiti wa kitaifa, na akamaliza tasnifu nzuri bila kumgongea mtu mlango. Mwanafunzi wa anthropolojia anategemea watu. Kielelezo anachopewa ni Bronislaw Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand kwa vipindi virefu kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha na kufuatilia zawadi zilivyopita mkono kwa mkono: mikufu ya chaza ikizunguka visiwa upande mmoja na bangili za kombe zikizunguka upande wa pili. Wewe utapata likizo moja ndefu, ukibahatika. Kabla yake utajaza fomu za maadili ya utafiti na kueleza utakavyoomba ridhaa. Halafu mtu wako muhimu atasafiri, au ataacha kupokea simu, na sura ya tatu itabaki haina mwenyewe.

Wengi wenye haya huniambia kwamba kwa sababu hiyo anthropolojia haiwafai. Sikubaliani. Darasani kwetu walioshindwa kazi ya uwandani walikuwa wasemaji. Walijaza mahojiano sauti yao wenyewe. Mtu mkimya anayeweza kukaa saa mbili bila kuharakisha chochote ana mtaji mkubwa.

Mzigo wa jina

Anthropolojia ilikua ndani ya ukoloni, na hutamaliza mwaka wa kwanza bila kukabiliana na hilo. Shajara ya Malinowski ilipochapishwa mwaka 1967, miaka mingi baada ya kifo chake, wasomaji walikuta maneno ya dharau kuhusu watu aliowaelezea kwa heshima vitabuni. Archie Mafeje wa Afrika Kusini aliandika kwa miaka mingi akihoji kama somo lililozaliwa kwa kumtazama "mwingine" linaweza kumfaa Mwafrika anayejitazama mwenyewe. Lakini kumbuka pia kwamba Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski huyohuyo, London School of Economics, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya kuhusu Wagikuyu, watu wake, akiitumia anthropolojia kuwajibu wakoloni. Sosholojia nayo ina madhambi yake, ila haiulizwi kila siku iombe radhi. Kama mabishano ya namna hii yanakuamsha, anthropolojia itakulisha vizuri. Kama yanakuchosha, fikiria mara mbili.

Ajira

Hakuna mlango wenye kibao "Mwanaanthropolojia anahitajika" unaomsubiri mhitimu wa shahada ya kwanza, na wa sosholojia si mpana sana pia. Tofauti ni kwamba mwajiri anaelewa haraka zaidi neno sosholojia, hasa likiandamana na takwimu. Ofisi za takwimu, mashirika ya maendeleo na vitengo vya ufuatiliaji na tathmini vinahitaji mtu anayejua kutunga dodoso, kusafisha data na kusoma jedwali. Unayetaka kazi mara tu baada ya digrii ya kwanza, bila mpango wa kuendelea, nakushauri sosholojia, na uchukue kozi za takwimu zaidi ya zile za lazima.

Upande wa anthropolojia hadithi za kuvutia zipo, na ni za kweli. Mwaka 1984 Mmarekani Clyde Snow alikwenda Argentina kuwafundisha vijana kutambua mifupa ya watu waliopotezwa na utawala wa kijeshi, na kikundi hicho bado kinafanya kazi. Miaka hiyohiyo ya 1980, Lucy Suchman, mwanaanthropolojia wa maabara ya Xerox kule California, aliwarekodi watu wakihangaika na mashine ya kunakili, akaonyesha kwamba wabunifu walidhania mtumiaji anafuata mpango ambao kwa kweli hanao kichwani. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, 2014, familia zilikuwa zikiwaficha wagonjwa na kuzika kwa siri kwa sababu maiti zilichukuliwa bila wao kushiriki. Wanaanthropolojia walikuwa miongoni mwa waliosisitiza taratibu zibadilishwe ili familia iwepo, iombe dua, ijue kaburi liko wapi. Brosha za vyuo hupenda sana mifano hii. Zinachosahau kutaja ni kwamba wengi wa watu hao walikuwa na shahada za uzamili au uzamivu. Digrii ya kwanza ya anthropolojia ni msingi mzuri wa kwenda mbele: afya ya jamii, sheria, utafiti wa watumiaji wa teknolojia, uandishi. Kuitegemea isimame peke yake sokoni kunahitaji uiunge na kitu: lugha, takwimu, ramani za kompyuta, au mafunzo kazini.

Kuunganisha ndiko ninakokupendelea, pale chuo kinaporuhusu. Anthropolojia kama somo kuu na kozi mbili tatu za mbinu za takwimu kutoka kwa majirani zitakupa kitu ambacho wahitimu wengi wa pande zote mbili hawana. Kinyume chake kinafaa pia: sosholojia kuu, na kozi moja ya ethnografia, yaani kukaa na watu na kuandika maisha yao, ili siku moja ujue kwa nini asilimia 40 ya watu waliacha swali la saba wazi.

Kama bado umegawanyika, jipe majaribio mawili wiki hii. La kwanza, kaa saa nzima mahali pa watu wengi, simu ukiwa umeizima, na uandike unachokiona bila kutumia neno hata moja la hisia. La pili, tafuta ripoti ya sensa yoyote mtandaoni, fungua jedwali moja, na ujaribu kueleza kwa aya moja linasema nini na limewaacha nani nje. Usiangalie ulilifanya lipi vizuri zaidi, kwa sababu mara ya kwanza yote utayafanya vibaya. Angalia lipi lilipita muda uliopanga bila wewe kujua.